Afya Nyumbani Kwetu: Kufuli za Maumivu

Mwezi huu tunazungumza juu ya maumivu.

Hapa kambini si vigumu kukuta mtu anayelala vibaya. Kuna mzee mwenye kansa, kuna kijana aliyekatwa mguu kwa sababu ya risasi, kuna mama ambaye kidonda chake kilifunga zamani lakini bado kinawaka usiku. Kando ya kitanda wako watu wa nyumbani, na mara nyingi wanabishana. Mmoja anasema mgonjwa apelekwe akapewe ile dawa kali ya maji. Mwingine anakataa: eti ile ni dawa ya watu wanaokufa, na kama haikumuua itamfanya teja. Wakati wao wanabishana, mgonjwa anaendelea kulia. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Hofu hiyo ina sababu zake, hatutaki kuicheka. Lakini ili kuamua vizuri ni lazima kwanza tujue maumivu yanapita wapi mwilini, na dawa inafanya nini ikifika huko. Twende pole pole.

KUFULI NA UFUNGUO

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa seli. Seli haina macho wala masikio. Inajuaje basi kwamba kuna moto, au kwamba dawa imefika? Inajua kwa njia ya vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli iliyowekwa kwenye ukuta wa seli. Kitu chenye umbo linalofaa kikija, kinaingia kama ufunguo, kufuli inafunguka, na ndani ya seli kazi fulani inaanza. Ufunguo usiofaa unapita tu, seli haina habari nao.

Chukueni mfano wa pilipili. Umekula sombe yenye pilipili kali, mdomo unawaka, jasho linatoka, unatafuta maji. Ukijitazama kwenye kioo, ulimi haukuungua hata kidogo. Kumbe ni nini? Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, pamoja na wenzake, walipata kipokezi kinachohusika. Kiko kwenye mishipa ya fahamu, na kazi yake ni kufunguka kinapoguswa na joto la kuunguza, kuanzia kama digrii 43. Pilipili ina ufunguo unaoingia katika kufuli ileile. Mshipa unapeleka habari kwenye uti wa mgongo, uti unapeleka kwenye ubongo, na ubongo unasoma: moto! Hakuna moto, lakini uchungu ni wa kweli.

Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mguso. Huyu Patapoutian alizaliwa Beirut, Lebanon, akakulia katikati ya vita, akaondoka kwenda Marekani mwaka 1986. Vijana wetu wamwangalie huyo.

Somo la kwanza ni hili: maumivu ni habari inayopita mlango kwa mlango. Usimwambie mgonjwa kwamba anajifanya kwa sababu wewe huoni kidonda.

MWANAMKE ALIYETAFUTA MAYAI

Kuna mtu mwingine ambaye habari zake zinatuhusu sisi wakimbizi. Ni Rita Levi-Montalcini, aliyezaliwa mji wa Turin, Italia, mwaka 1909. Alisomea udaktari. Mwaka 1938 serikali ya Italia ilitoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, na yeye alikuwa Myahudi, kwa hiyo akapoteza nafasi yake ya kazi. Hakukaa kulia. Alitengeneza maabara ndogo chumbani mwake. Alizunguka kwa wakulima akitafuta mayai ya kuku, na kwa mayai hayo alichunguza jinsi mishipa ya fahamu inavyoota katika kifaranga kabla hakijaanguliwa.

Mwaka 1943 Wajerumani walipoingia Italia, familia yake ilikimbilia Florence ikaishi kwa majina ya uongo. Mji ulipokombolewa mwaka 1944, alifanya kazi ya udaktari kati ya wakimbizi waliokimbia mapigano, na aliona wengi wakifa kwa magonjwa. Baada ya vita alikwenda Marekani. Huko, katika miaka ya 1950, yeye na Stanley Cohen waligundua kitu ambacho mwili unakitengeneza ili kuiambia mishipa ya fahamu: ota, ishi, njoo huku. Tukiite chakula cha mishipa. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Rita aliishi miaka 103, akafariki mwaka 2012.

Chakula hicho nacho kinahitaji kufuli yake. Kiko kipokezi maalumu kwenye mishipa inayobeba maumivu. Mtoto akiwa bado tumboni, chakula hicho kikiingia katika kufuli yake, mishipa ya maumivu inaota na kubaki hai. Wako watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kasoro katika kipokezi hicho. Hao hawasikii maumivu kabisa, na hawatoi jasho. Utasema wana bahati? Hapana. Wanajing'ata ulimi, wanashika moto bila kujua, wanatembea na mfupa uliovunjika, joto la mwili linapanda hadi kuhatarisha maisha. Maumivu ni mlinzi wa nyumba. Asiye na mlinzi anaibiwa usiku na mchana.

Lakini mlinzi anaweza kuzidisha kelele. Mahali palipovimba mwili unatoa chakula kile kwa wingi, na mishipa ya hapo inakuwa mikali kupita kiasi. Ndiyo maana shuka tu ikigusa kidonda kilichovimba, mtu anaruka. Wataalamu walijaribu dawa ya kuzuia chakula hicho kwa watu wenye maumivu ya magoti na nyonga. Maumivu yalipungua, lakini kwa baadhi yao viungo viliharibika upesi, na mwaka 2021 watengenezaji waliiacha dawa hiyo. Kumnyamazisha mlinzi moja kwa moja kuna bei yake.

MGUU USIOKUWEPO

Mshipa wa fahamu wa mkono au mguu ukikatwa, unaweza kuota tena, lakini mwendo wake ni wa kinyonga: karibu milimita 1 kwa siku. Aliyekatwa na panga karibu na kiwiko, kutoka hapo hadi ncha za vidole ni kama sentimita 40. Hesabuni: siku 400, zaidi ya mwaka mzima, na hapo ni kama njia iko wazi na daktari aliunganisha vizuri. Kwa hiyo ndugu ambaye vidole vyake bado vimekufa ganzi baada ya miezi sita asikate tamaa, na asiache mazoezi aliyopewa. Katika kuota huko atasikia kuchomwachomwa kama sindano au kama umeme. Mara nyingi ni dalili kwamba mshipa unatembea.

Kwa aliyekatwa mguu mambo ni tofauti. Mshipa unaota na kutafuta mguu, mguu haupo. Unajikunja mwishoni kama uzi, unafanya fundo, na fundo hilo likiguswa linauma sana. Tena ubongo bado una ramani ya mguu mzima. Ndiyo sababu mtu anaamka usiku akisema vidole vinamwuma, wakati vidole vilibaki upande wa pili wa mpaka. Jirani wanaanza kunong'ona: mapepo, amerogwa, wafu wanamwita. Hapana, ndugu zangu. Hayo ni maumivu yanayojulikana vizuri na madaktari, na ziko dawa za mishipa ya fahamu zinazoweza kuyapunguza. Panado peke yake haiyawezi. Mwambieni daktari wazi: mguu usiokuwepo unaniuma.

DAWA YA MAJI

Sasa tufike kwenye ile dawa inayobishaniwa. Jina lake ni mofini. Inatoka katika utomvu wa mmea wa mpopi, ule unaotoa afyuni. Watu waliutumia kwa maelfu ya miaka bila kujua unafanyaje kazi. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, huko Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba ndani ya ubongo kuna kufuli ambazo mofini inaziingia. Swali likaja: kwa nini mwili wa mtu uwe na kufuli ya mmea wa shambani? Jibu lilipatikana mwaka 1975 huko Aberdeen, Scotland, na John Hughes na Hans Kosterlitz. Mwili wenyewe unatengeneza funguo zake za kutuliza maumivu. Huenda ndizo zilizomsaidia mtu aliyejeruhiwa kukimbia hadi mtoni bila kusikia kidonda, kikaanza kuuma alipokaa chini.

Mofini ikiingia katika kufuli hizo kwenye uti wa mgongo na ubongo, habari ya maumivu inapunguzwa njiani. Jeraha au kansa bado iko, lakini kelele imeshuka. Mgonjwa analala, anakula, anaongea na watoto wake.

Hapa Uganda tuna neema ambayo nchi nyingi za Afrika hazina. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na kazi hiyo ilileta mofini ya kunywa: unga unaochanganywa na maji, rahisi kutengeneza, inatiwa rangi ili nguvu yake ijulikane. Ya kijani ndiyo nyepesi. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake, ikaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kazi hiyo kuiandika, kwa sababu vijijini madaktari ni wachache. Serikali inaitoa bila malipo kwa wagonjwa wanaoihitaji. Kwa hiyo sisi tuliovuka Mpondwe tukapokelewa Bwera na Kasese tusifikiri kwamba ni dawa ya matajiri wa Kampala. Ukifika hospitali ya Bwera au ya Kagando, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uliza: nani hapa amefunzwa kutunza wagonjwa wa maumivu makali? Swali hilo peke yake linaweza kumfupishia mgonjwa wako wiki za mateso.

UFUNGUO ULEULE, MKONO MWINGINE

Je, wanaoogopa uteja wamekosea? Hawakukosea kabisa. Kufuli ileile inayotuliza inaweza kumfunga mtu. Tuelewe mambo matatu ambayo watu wanayachanganya.

La kwanza ni mwili kuzoea. Seli ikifunguliwa kila siku kwa ufunguo uleule, inapunguza kufuli zake au inazifanya nzito kufunguka. Dozi ya jana leo inaweza kuwa ndogo. Nesi anaijua hali hiyo na anapanga dozi.

La pili ni mwili kutegemea. Dawa ikikatwa ghafla baada ya wiki nyingi, mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaharisha. Hii inampata hata bibi mwenye kansa ambaye hakutafuta raha siku moja. Dawa yake ni kupunguza kidogo kidogo, kwa maelekezo ya nesi.

La tatu ndilo uraibu wenyewe: moyo na akili vinatawaliwa. Mtu anatafuta kilevi ingawa kinavunja nyumba yake, anauza posho, anawadanganya watoto. Hapa kuna sehemu ya ubongo inayotoa raha na kusema: rudia. Jinsi kilevi kinavyofika kwa haraka na kwa wingi, ndivyo sauti ya "rudia" inavyokuwa kubwa. Sindano na moshi vinafika kwa sekunde. Mofini ya kunywa, kwa kipimo, kwa saa zake, inapanda taratibu, na kwa mgonjwa wa kansa anayesimamiwa vizuri uraibu si jambo la kawaida.

Lakini kijana mzima anayenunua vidonge vikali kama tramadoli dukani ili abebe mizigo bila kuchoka, huyo anafungua kufuli zilezile bila maumivu ya kutulizwa na bila mtu wa kumsimamia. Leo kimoja, kesho viwili, mwezi ujao bila vidonge hawezi kuamka. Tena kufuli hizo ziko hata sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua. Zikifunguliwa mno, pumzi inapungua hadi inasimama. Hospitali kubwa zina dawa iitwayo naloksoni: inaingia katika kufuli, haiifungui, inasukuma mofini nje. Lakini ni lazima mtu afike akiwa hai.

Pombe nayo ina kufuli zake, zile za kutuliza ubongo. Mtu akinywa waragi kila siku kwa miaka, ubongo unajipanga upya, vya kutuliza vinapungua, vya kuchangamsha vinaongezeka. Akiacha ghafla anatetemeka, anaona vitu visivyokuwepo, anaweza kupata kifafa na kufa. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku waragi wa vifuko vya plastiki mwaka 2019, lakini chupa na jerikeni bado zipo. Baba akitaka kuacha, mpongezeni na mumpeleke kituo cha afya ili aache salama. Wengi waliozama katika pombe walianza kwa kutafuta usingizi baada ya mambo waliyoyaona huko nyumbani. Matusi hayajawahi kumponya mtu wa namna hiyo.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

1. Muulizeni mgonjwa. Mwambie aonyeshe kwa vidole: sifuri ni hakuna maumivu, vitano ni maumivu yasiyovumilika. Andikeni asubuhi na jioni, mupeleke karatasi hiyo kwa nesi.

2. Mofini hutolewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4. Usingoje mgonjwa apige kelele. Usiku fuateni alivyoandika nesi.

3. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa anaweza kusinzia sana au kusikia kichefuchefu. Mara nyingi hupita. Kukosa choo hakupiti, kwa sababu hata matumbo yana kufuli hizo. Ombeni dawa ya choo siku ileile munapopewa mofini, na mumpe maji, papai na mboga kama anaweza.

4. Akishindwa kuamshwa, au akipumua pole pole kupita kawaida, musimwongezee dawa. Mpelekeni hospitali mara moja.

5. Chupa ifungiwe sandukuni. Usimpe jirani, hata kwa huruma. Kipimo ambacho bibi amekizoea kinaweza kumuua mtoto. Mgonjwa akifariki, rudisheni dawa iliyobaki kwa aliyewapa.

6. Dawa isikatwe ghafla, iwe ya hospitali au pombe ya miaka mingi.

7. Aliyekatwa kiungo, aliyechomwa, aliyefanyiwa ukatili: wasifichwe. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaosema mgonjwa avumilie tu, kwamba kuvumilia ndiyo heshima ya mzee. Wazee wetu wamevumilia ya kutosha. Walivumilia msitu, walivumilia njia, walivumilia foleni. Kama katika nchi hii iko chupa ya dawa inayotolewa bure, na yuko nesi aliyefunzwa kuipima, hakuna heshima yoyote ya kumwacha mama yako akiuma shuka hadi asubuhi. Vilevile hakuna urafiki wa kumwuzia kijana wa jirani vidonge vya kumfunga. Kabla ya kufungua kufuli ulizeni: ni kwa haja gani, na nani anasimamia?

Wenye maswali waandike karatasi, waiache kwa kiongozi wa safu yao, bila kuandika jina la mgonjwa. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya usingizi wa watoto wanaoota ndoto mbaya. Mubaki salama.